Lushoto, Mji Uliozaliwa na Baridi

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati ya soko la Lushoto, nilimwona mzee mmoja wa Tanga, niliyemtambua kwa kanzu yake nyepesi na kwa namna alivyoikunja mikono kifuani kama aliyeficha kitu, amesimama mbele ya meza ya mitumba akiyageuza makoti ya sufu moja baada ya jingine, akiyakagua kama mtu anavyokagua samaki mnadani. Muuzaji, kijana wa Kishambaa aliyevaa kofia ya kufumwa iliyomfunika masikio, hakutaja bei kwanza. Alimtazama, akatabasamu, akamwambia, "Shikamoo, babu. Huku si Tanga. Chukua lile zito, bei tutaelewana ukishapata joto." Mzee akalivaa papo hapo juu ya kanzu, akalipa bila ya mabishano marefu, ingawa kwa desturi ya mtu wa pwani mabishano ni sehemu ya starehe ya kununua, kisha akaelekea kwenye kibanda cha chai akitembea kama mtu aliyerudishiwa mwili wake. Mimi, niliyeteremka kutoka Kifungilo kwa shughuli ndogo ya kununua misumari na mafuta ya taa, nilibaki nimesimama nikiifikiri baridi ile, ambayo sisi wakazi wa huku tumeizoea hata hatuitaji tena, walakini ndiyo asili ya mji huu, na bila ya hiyo pasingekuwa na boma, wala barabara, wala jina la Lushoto katika ramani yoyote.

Msafiri aingiaye Lushoto kwa mara ya kwanza aghalabu hutoka Mombo, mji mdogo wa joto na vumbi ulioko chini ya milima, kando ya reli ya kale na ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Pale gari huiacha nyika na kuanza kuparamia ubavu wa mlima kwa njia nyembamba iliyochongwa mwambani, korongo likiwa upande mmoja na ukuta wa jiwe upande wa pili, na kwa muda wa kilomita thelathini na kitu hivi njia hiyo hujipinda na kujikunjua, ikapita Soni penye maporomoko ya maji na maduka machache, hata ikafika katika bonde lenye urefu wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, lililozungukwa na vilima vya mikalitusi na misonobari, ambamo mji wenyewe umekaa kama maji yaliyotuama katika kiganja cha mkono. Mji si mkubwa. Mtu mwenye miguu mizima huumaliza kwa nusu saa: boma, kanisa, msikiti, soko, stendi ya mabasi, mahakama, hospitali, na barabara zenye miti mirefu iliyopandwa na watu waliotaka kivuli kifanane na kivuli cha kwao.

Hao waliopanda miti nitawafikia. Kabla yao palikuwa na wenyewe, na tarikhi ya milima hii haikuanza na mgeni.

Wenyeji wa Usambara huigawa dunia yao mafungu mawili, nayo ni Shambaai, yaani mlimani, kwenye ubaridi, mvua na migomba, na nyika, yaani bondeni, kwenye jua, malale na vita. Mgawanyo huu si wa mahali tu. Ni wa salama na hatari. Mtu wa Shambaai hushuka nyikani kwa shughuli, akawinda, akalima shamba la mahindi la msimu, akauza, akabadilishana, kisha hupanda kwao kulala. Nchi iliyo nzuri ni ile iliyozifywa, iliyotengenezwa ikatulia, mvua ikanyesha kwa wakati wake na vyakula vikatosha. Na kuizifya nchi, kwa itikadi ya wazee, ilikuwa kazi ya mfalme kabla ya kazi nyingine yoyote. Walisema kwamba mfalme mmoja akiwa na nguvu zisizo na mpinzani mvua huja, bali wakubwa wawili wakishindana nguvu kwa nguvu nchi huharibika, jua likawaka, na njaa ikaingia. Mwenye kuisikia itikadi hii kwa haraka huidhania ushirikina wa mvua. Mwenye kuitafakari huona kwamba ni elimu ya siasa, kwa maana ni nani asiyejua kwamba wakubwa wakipigana mashamba hayalimwi?

Mfalme wa kwanza wa nasaba ya Wakilindi, Mbegha, hakuwa hata mtu wa milima hii. Hikaya yake imeandikwa kwa Kiswahili fasihi na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyekaa miaka mingi karibu na wakubwa wa Kikilindi, katika kitabu Habari za Wakilindi, ambacho wamisionari wa Magila walikipiga chapa kwa mafungu kati ya 1895 na 1907, na ambacho kwa rai yangu kinastahili kukaa katika kila nyumba yenye kitabu kingine chochote. Mbegha alitoka Nguu, naye alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, jambo lililohesabiwa nuksi. Ndugu zake wakamnyima urithi na kumfukuza. Akawa mwindaji, akazurura na mbwa wake na mikuki yake katika misitu, na alipoikaribia milima ya Usambara akawakuta watu walioliwa mazao yao na nguruwe mwitu usiku na mchana. Akawaulia nguruwe. Nyama akawagawia, nao wakampa unga na ndizi, na katika kubadilishana huko kwa nyama na chakula cha shamba palizaliwa, kama hikaya isemavyo, utii wa watu wa milimani kwa mgeni kutoka porini. Safarini kuelekea Vugha akamwua simba, na tangu siku hiyo wafalme wa Usambara wakaitwa Simba Mwene.

Vugha, mji wa mfalme, uko juu ya mgongo wa mlima upande wa kusini wa Usambara ya Magharibi, na kwa zaidi ya miaka mia ndio uliokuwa moyo wa nchi yote hii, hali bonde la Lushoto likiwa kijiji kama vijiji vingine. Enzi ya Wakilindi ilifika kilele chake kwa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala karibu nusu karne hata akafa 1862, akiwa amewaweka wanawe kuwa wakubwa katika kila upande wa milima, na mkono wake ukifika mpaka mrima, ambako madiwani wa miji ya pwani walitambua amri yake na amri ya Sultani wa Unguja kwa wakati mmoja, bila ya kuona taabu kutumikia mabwana wawili walio mbali. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimwendea 1848, akaja tena 1852, akiomba mahali pa kufundishia dini. Na mwezi wa Februari 1857 wakapanda Vugha Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, kabla ya safari yao ya maziwa makuu, wakamkuta Kimweri ni mzee aliyechoka, ambaye haja yake kubwa kwa wageni ilikuwa dawa ya kumrudishia nguvu za mwili.

Dawa haikupatikana, na Kimweri alipokufa yakatokea hayo hayo waliyoyaogopa wazee. Mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde, chini nyikani, kwenye njia ya misafara ya pembe na watumwa, na huko alikusanya kitu ambacho Vugha haikuwa nacho kwa wingi, yaani bunduki na baruti. Hapa ndipo mambo yalipogeuka miguu juu: kwa vizazi vingi nguvu ilikuwa ikikaa mlimani na kuitazama nyika kwa mbali, ikawa sasa nguvu imekaa nyikani nayo inautazama mlima kama shamba la kuvunia watu. Wana wa Kimweri wakapigana, Wabondei wakaasi, watu wakauzwa na majirani zao, na milima ikaingia katika miongo ya vita ambayo bibi zetu waliisimulia kwa sauti ya chini.

Katika hali hiyo ndimo walimoingia Wajerumani. Kituo chao cha kwanza cha serikali upande huu hakikuwa Lushoto. Kilikuwa Mazinde, palepale pa Semboja, kwa sababu mgeni huenda kwanza penye nguvu. Semboja alikufa 1895, na mwaka huohuo mwanawe Mputa, aliyekaa juu ya kiti cha Vugha, alinyongwa na Wajerumani kwa hukumu ya kuua, jambo ambalo Washambaa walilipokea kwa mshangao mkubwa, maana kwao mfalme aliweza kuua, na hapakuwa na aliyeweza kumwua mfalme. Akawekwa Kinyashi, ambaye aliutwaa ufalme kama mtu anayeshikishwa kaa la moto. Mwishoni mwa miaka ya 1890 serikali ikayaacha majoto ya Mazinde, ikapanda mlimani, ikachagua bonde la Lushoto, na kuliita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao ambaye hakupata kulikanyaga.

Kwa nini bonde hili na si Vugha? Jibu ni ile baridi iliyomshika mzee wa Tanga. Mzungu wa zama zile aliamini kwamba joto la pwani linamla kidogo kidogo, damu ikapungua, homa ikamwingia, akili ikachoka. Akaamini kadhalika kwamba mahali penye ubaridi wa kwao paweza kumrudishia afya aliyoipoteza, na zaidi ya hayo, kwamba hapo angeweza kuleta mke na watoto na kujifanya hakuhama. Wilhelmstal ulijengwa kwa imani hiyo. Nayo haikuwa imani ya Wajerumani peke yao: Waingereza walikuwa na Simla katika milima ya Hindi, ambako serikali nzima ilihamia wakati wa joto pamoja na makarani na mafaili yake, na Wamarekani, walipoiteka Ufilipino, waliifanya Baguio, mji ulioko katika milima ya kisiwa cha Luzon, kwenye urefu unaokaribiana na wa Lushoto, kuwa makao ya serikali ya wakati wa kiangazi tangu 1903, wakachimba barabara ya hatari kupita korongoni, na kumleta mpangaji wa miji mashuhuri, Daniel Burnham, awachoree ramani.

Naitaja Baguio kwa sababu moja zaidi. Ardhi ya mji ule ilikuwa malisho ya ng'ombe ya watu wa Ibaloi, na mmoja wa wakubwa wao, Mateo Cariño, alipoambiwa kwamba malisho yake si yake kwa kuwa hana hati, alishtaki, akakata rufani, hata shauri lake likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo 1909 ilimpa haki na kusema kwamba ardhi iliyokaliwa na watu tangu zamani isiyo na mwanzo unaokumbukwa haidhaniwi kuwa ilikuwa ya serikali. Usambara hapakuwa na Cariño, wala mahakama ya kumsikiliza. Amri ya Kijerumani ya 1895 iliitangaza ardhi yote isiyo na mwenyewe kuwa ya dola, na neno "isiyo na mwenyewe" lilifasiriwa na yule aliyekuwa na kalamu. Shamba lililopumzishwa likaonekana ni pori, na msitu uliohifadhiwa kwa matambiko ukaonekana ni mbao.

Basi walowezi wakaja. Serikali ikafungua Kwai shamba la majaribio, likajaribiwa ngano, viazi, ng'ombe wa Ulaya na miti ya matunda, na baadhi ya mapeasi na plamsi anazouza mama wa sokoni leo ni wajukuu wa vipandikizi vya siku zile, waliokwisha kusahau Kijerumani. Kahawa iliyopandwa kwa matumaini makubwa katika Usambara ya Mashariki ililiwa na wadudu na kushindwa na udongo, ambao ukivuliwa msitu huonekana kuwa maskini kuliko ulivyodhaniwa. Kule kule Amani, 1902, ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe iliyokuja kuwa na sifa duniani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga 1893, ikatambaa kwa uvivu na kwa upungufu wa fedha, ilifika Mombo 1905, na tangu hapo Wilhelmstal ukawa karibu na bahari kwa safari ya siku moja. Juu zaidi, katika msitu wa Shume, kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga kiwanda cha mbao na kuteremsha magogo ya mwangati kwa kamba za chuma zilizoning'inia hewani, kilomita 9 hivi kutoka ukingo wa mlima hadi Mkumbara relini, kazi ya mafundi wa Bleichert wa Leipzig. Wazee husimulia kwamba watoto walikuwa wakisimama bondeni kutazama miti inayoruka. Mwangati ni mti wenye harufu njema na mbao laini, nao ulitengenezewa kalamu za risasi, hata yawezekana kwamba karani fulani wa Berlin aliandika barua kuhusu Usambara kwa kipande cha Usambara chenyewe.

Lakini shamba la mlowezi halikulimwa na mlowezi. Mshambaa, aliyekuwa na migomba yake, hakuona sababu ya kwenda kumlimia mtu mwingine kwa ujira mdogo, na kwa hiyo mwaka 1907 utawala wa wilaya ya Wilhelmstal ulibuni mpango wa kadi, ambao kwa huo kila mwanamume wa Kiafrika alipewa kipande cha karatasi na kulazimishwa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi 4 kwa ujira uliowekwa, na asiyejaza kadi yake alipelekwa kazi za serikali. Hii ndiyo sura ya pili ya mji wa afya. Mwenye kupita leo mbele ya boma na kuusifu ubora wa kuta zake na uzuri wa miti iliyo mbele yake, na sifa hizo ni haki, asiwasahau watu waliotiwa alama katika kadi.

Katika walowezi wale alikuwamo askari mmoja, Tom von Prince, aliyejulikana katika vita vya Uhehe kwa jina la Sakarani, neno letu la mlevi, kwa vile alivyoonekana kulewa vita. Alistaafu, akaja na mkewe Magdalene kulima karibu na Soni, na akafa tarehe 4 Novemba 1914 katika mapigano ya Tanga. Mahali pake panaitwa Sakarani mpaka leo, na sasa pana monasteri ya Wabenedikto ambao, miongoni mwa kazi nyingine za mikono, hutengeneza divai.

Dini zilikuwa zimetangulia serikali kupanda. Wamisionari wa Bethel, Walutheri wa Bielefeld, walifika Mlalo 1891, wakaenea Vugha na Bumbuli, wakajifunza Kishambaa na kukiandika, na makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri yako Lushoto hata sasa. Wakatoliki walikuja kwa njia ya mbali zaidi: Watrapisti wa Mariannhill, Afrika Kusini, walijenga Gare 1897, na nyuma yao wakafuata masista wa Damu Azizi, shirika lililozaliwa huko huko Mariannhill 1885, ambao kazi yao ndiyo iliyokifanya Kifungilo kijulikane nje ya milima hii. Waislamu, ambao katika mji na katika vijiji vingi ni wengi, hawakuletwa na shirika lolote. Dini yao ilipanda na wafanyabiashara na walimu wa chuo kutoka pwani, mmoja mmoja, tangu zama za Kimweri, na ndiyo maana hapana mwaka wa kuiandikia.

Kuhusu Kifungilo niongeze kidogo, kwa kuwa ni kwetu. Masista walilea hapa yatima, na wengi wao walikuwa watoto waliozaliwa na baba wa Kizungu na mama wa Kiafrika, ambao utawala uliopanga watu kwa rangi, shule hii ya Wazungu, ile ya Wahindi, na nyingine ya Waafrika, haukuwa na kabati la kuwatia. Baba aghalabu hakutaka kuonekana, mama aghalabu hakuweza kuzuia. Wakapelekwa milimani, mbali na macho, ambako baridi ilikuwa kali na sheria za masista zilikuwa kali kuiliko, wakafundishwa kusoma, kushona na kuimba. Baadaye shule ya wasichana ya Kifungilo ikawa na sifa nchi nzima, na mabinti wa kila mkoa huteremshwa pale stendi ya Lushoto mwanzo wa muhula, wakiwa na masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa, na blanketi ambalo mama zao waliwasihi wasilisahau. Ukitaka kumjua binti wa kidato cha kwanza atokaye Dar es Salaam, mtazame siku ya kwanza asubuhi mbele ya bomba la maji: hulifungua, hulitazama, hulifunga tena.

Vita Kuu ya Kwanza haikupiganwa sana mjini. Jeshi la Jenerali Smuts, aliyewaongoza Waingereza, liliteremka kufuata reli, na mwezi wa Juni 1916 Waingereza wakaingia Wilhelmstal, wakawakuta zaidi wanawake na watoto wa Kijerumani waliokimbilia usalama wa milimani. Jina la Kaisari likaondolewa, jina la Kishambaa likarudi. Kwa muda mfupi, na hili si wengi wanaolijua, mji huu mdogo ulikuwa ndiyo kichwa cha nchi, kwani Horace Byatt, aliyekabidhiwa utawala wa kiraia wa sehemu zilizotekwa, aliweka makao yake hapa kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Hata baada ya hapo magavana hawakuweza kuacha. Walijijengea nyumba ya mapumziko, ambayo leo ni ikulu ndogo.

Waingereza waliamini, tofauti na Wajerumani, katika kumtawala mtu kwa mkono wa mkubwa wake, na kwa hiyo wakamrudisha mfalme wa Kikilindi Vugha, bali mvua hawakuweza kumrudishia. Balaa kubwa ya zama zao ikawa ni udongo. Watu walikuwa wameongezeka, misitu imefungwa, ardhi nzuri imeshikwa, na miteremko ikawa inalimwa mpaka ncha. Mvua ikinyesha mito hubadilika rangi. Serikali ikaja na mpango wa bonde la Mlalo 1946, ulioenezwa baadaye katika Usambara yote, ikaamuru kila mwenye shamba kuchimba matuta ya kukinga maji na kuyaacha baadhi ya mashamba yapumzike. Kwa elimu ya karatasi shauri lilikuwa jema. Kwa mama mwenye vipande vitatu vya shamba, kimoja mteremkoni kimoja bondeni na kimoja cha kuazima, lilikuwa ni kazi ya wiki nyingi bila ya kibaba cha ziada, na hatari ya kwamba shamba lililopumzishwa lingetangazwa tena kuwa halina mwenyewe. Watu walikuwa na kumbukumbu. Wakakataa, wanawake wakiwa mbele, na mkubwa aliyesimamia matuta akahesabiwa kuwa anaiharibu nchi badala ya kuizifya. TANU ilipofika ikakuta kuni zimekwisha kukauka. Mpango ukaachwa 1957. Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika huru ikaufuta utawala wa machifu, na kiti cha Simba Mwene kikabaki kuwa heshima bila ya amri.

Inachekesha, na inafundisha, kwamba wajukuu wa wale waliong'oa matuta wamepanda wenyewe majani ya ng'ombe na miti kwenye kingo za mashamba tangu mradi mwingine wa kuhifadhi udongo ulipoanza miaka ya 1980, kwa msaada wa Wajerumani wa zama hizi. Sababu si siri. Majani yale humlisha ng'ombe wa maziwa, na maziwa huuzwa siku ileile.

Nyumba za serikali zimepata kazi mpya kila zama. Mahakimu wa nchi nzima husomea hapa, katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na ni jambo la kumfanya mtu atabasamu kwamba bonde lililochukuliwa bila ya mashauri limekuwa mahali pa kufundishia mashauri. Watalii hupanda hadi Irente, kwenye ukingo ambapo mlima humalizika ghafla kama sentensi iliyokatwa, na Mazinde ya Semboja huonekana chini kabisa, ndogo, na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, na nyika ikienda mpaka macho yachoke. Mtu akisimama pale huelewa bila ya kitabu Shambaai ni nini na nyika ni nini.

Walakini anayetaka kuuona mji wenyewe aende sokoni siku ya gulio, jua likianza kupungua. Wakati huo akina mama wa Kishambaa na wa Kimbugu (Wambugu ni wafugaji wa kale wa juu, ambao baadhi yao bado wana lugha ya ajabu, yenye maneno ya Kikushi yaliyovishwa sarufi ya Kibantu) huwa wamekaa chini kwa safu, kanga moja kiunoni, nyingine mgongoni na mtoto, na sweta juu ya yote. Mbele yao kuna plamsi katika ndoo ndogo za plastiki, mapeasi, karoti zilizooshwa mtoni zikang'aa, na vitunguu majani. Nyuma, kwenye uwanja wa udongo mwekundu, malori ya Fuso yamegeuziwa matako, na vijana wa kupakia wanajaza matenga. Kazi hii ina ustadi wake. Majani ya mgomba hutandikwa chini ya tenga, kabichi hupangwa mizizi ikiangalia nje, hulundikwa mpaka zizidi mdomo wa tenga kwa kiasi cha mkono mzima, na hapo ndipo juu hushonewa kwa kamba na majani makavu, kilima juu ya kikapu, kwa sababu bei ni ya tenga na wala si ya uzito. Mnunuzi hulalamika kwamba tenga halina kilima cha kutosha. Mkulima hulalamika kwamba kilima ni wizi. Wote wawili wamelisema hilo wiki iliyopita.

Nilikaa nikitazama mpaka lori moja likafungwa turubai, na utingo, mtoto wa watu asiyefikisha miaka ishirini, akapanda juu ya mzigo na kujilaza kati ya turubai na matenga, mahali ambapo alisema huwa pana joto. Nikamwuliza watafika Dar es Salaam saa ngapi. "Alfajiri, mzee, tukiteremka Soni salama," akajibu, akavuta kofia hadi machoni. Dereva alizunguka lori akigonga magurudumu kwa chuma, moja moja, akisikiliza. Mzee wa Tanga alikuwa pale pale kwenye kibanda cha chai, koti limefungwa vifungo vyote, kikombe cha tatu mkononi, akimwambia mwenye kibanda kwamba hali ya hewa ya huku, ukishaizoea, haina neno.